Kunja Ngumi Kwanza

Asanteni, wazee wangu, akina mama na vijana wa Makadara. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena, maana kila wiki kuna anayeniuliza: "Daktari, nifanyeje nilale?" Nikimuuliza amejaribu nini, ananiambia amejaribu kulala. Kosa ni hilo hilo! Usingizi haushurutishwi. Ukiukimbiza, moyo unakwenda mbio na macho yanazidi kukauka.

Alinijia dereva mmoja wa matatu za Githurai. Anaamka saa kumi alfajiri, anarudi nyumbani saa tatu usiku, kisha anagaagaa hadi saa saba bila kupata hata lepe. Nilimlaza nikamtazama. Mabega yamepanda, meno yameumana, vidole vimekunjika kana kwamba bado ameshika usukani. Sikumwambia atulie. Nani amewahi kutulia kwa kuambiwa tulia? Nilimwambia akunje ngumi. Akaze, ahesabu hadi saba, aachilie mara moja, halafu kwa nusu dakika ausikilize mkono unavyolegea. Kisha mkono wa pili, mabega, uso, tumbo, mapaja, hadi nyayo. Penye maumivu au jeraha, aparuke.

Njia hii si yangu. Ni ya daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyechapisha kitabu chake juu yake mwaka 1929. Tunakaza kwanza kwa sababu wengi wetu hatujui tena misuli iliyolegea inahisije.

Najua mnachotaka kusema. "Daktari, misuli yangu haina neno, kinachonikesha ni karo ya watoto." Sawa. Hiyo karo itapatikana saa nane usiku? Huwezi kuiamuru akili iache kuwaza, lakini ngumi unaweza kuifungua. Na mwili uliokazana unaendelea kuuambia ubongo kwamba kuna hatari, basi ubongo unakesha zamu.

Yule dereva alirudi siku ya nne amekasirika, eti haifanyi kazi. Nikamuuliza: ukishalegeza, unafanya nini? Akasema anangoja usingizi. Hapana! Usiuchungulie. Fanya zoezi kwa ajili ya kulegea tu, na ulifanye hata mchana, hata ukiwa umeegesha gari ukingoja abiria, mwili uzoee. Wiki ya tatu akaniambia hakumbuki lini mara ya mwisho alifika magotini akiwa bado macho.

Mengine niyapitie haraka. Pumzi: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita, polepole. Ukiona kama dakika ishirini zimepita na uko macho, ondoka kitandani, urudi ukisinzia. Mnaoishi chumba kimoja, stuli inatosha, na taa iwe hafifu. Chai ya majani ya saa mbili usiku, tafadhali, iacheni. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu tu. Na anayekoroma hadi pumzi inakatika aende hospitali, huyo simfundishi ngumi.

Nilitaka kusema juu ya wanaofanya kazi usiku, lakini naonyeshwa saa. Basi wekeni simu chini, zote, hata wewe mama wa pale nyuma. Egemeeni viti. Mkono wa kulia: kunja ngumi. Kaza. Moja, mbili, tatu...