Kuchora draiva ya pato ya chipu ya kumbukumbu, hatua kwa hatua

Jambo yenu wote, kutoka hapa Lubumbashi. Leo tunachora sehemu ya chipu ya kumbukumbu ambayo wengi huiruka: draiva ya pato, yaani zile transista kubwa za mwisho zinazosukuma biti itoke nje ya chipu. Fungua ngspice, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta. Ni ya bure na haidai kompyuta ya bei. Jaza betri kwanza, wenye laptop nzima mna bahati.

Usiweke transista bado. Weka mzigo. Kati ya pato na sifuri chomeka kapasita ya pikofaradi 50. Hiyo inasimama badala ya waya za bodi na miguu ya chipu nyingine. Tunatumia volti 3.3, na tunataka pato lipande lote ndani ya nanosekunde 5. Zidisha 50 kwa 3.3, gawa kwa 5: unapata miliampea 33 kwa wastani. Andika namba hiyo pembeni, tutairudia.

Sasa transista mbili. Ya P juu, inavuta kwenda volti 3.3, ya N chini, inavuta kwenda sifuri. Ya P iwe pana mara mbili na nusu hivi, kwa sababu matundu (nafasi zilizokosa elektroni) yanayobeba mkondo ndani yake hutembea polepole kuliko elektroni. Anza na mikromita 100 kwa N na 250 kwa P, kisha rekebisha kulingana na modeli uliyo nayo.

Tuje kwenye mageti, yaani miguu inayowasha na kuzima transista: P huwaka geti yake ikiwa sifuri, N ikiwa moja. Chipu nyingi hushirikiana waya zilezile za data, kwa hiyo draiva lazima iweze kunyamaza kabisa. Geti ya P iendeshwe na NAND (hutoa sifuri pale tu zote mbili zinazoingia ni moja) ya data na ruhusa ya pato, ile ishara inayoiambia draiva iongee au inyamaze. Geti ya N iendeshwe na NOR (hutoa moja pale tu zote mbili zinazoingia ni sifuri) ya data na kinyume cha ruhusa. Ruhusa ikiwa sifuri, NAND inatoa moja, NOR inatoa sifuri, transista zote mbili zinazima. Simamisha video ujaribu mwenyewe kwa kalamu.

Faida ya kutenganisha mageti hayo mawili haiishii hapo. Ukiziendesha P na N kwa waya mmoja, kuna kipindi kifupi zote mbili zimewaka, na mkondo unashuka moja kwa moja toka juu hadi chini bila kugusa mzigo. Huo ni umeme wa kutupa. Kwa hiyo ndani ya NAND, fanya transista zinazoizima P ziwe na nguvu, na zinazoiwasha ziwe dhaifu. Kwenye NOR fanya vivyo hivyo kwa N. Kuzima kuwe haraka, kuwasha kuchelewe kidogo.

Hapa sasa ndipo kazi yenyewe ilipo, msiharakishe. Chipu yetu ina mapato 8. Yakishuka yote pamoja, 33 mara 8 ni miliampea 264, na zote zinapita mguu mmoja wa masi, yaani ule wa volti sifuri. Ni kama watu wanaotoka uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, mechi imeisha, mlango umefunguliwa mmoja. Mguu na waya wake mwembamba vina tabia ya koili, yaani hupinga mkondo unaobadilika ghafla, tuseme nanohenri 5. Mkondo huo ukipanda ndani ya nanosekunde 1, sifuri ya ndani ya chipu inaruka volti 1.3! Fikiria biti ya anwani (namba ya seli inayosomwa) inayoingia kwa volti 2, ambayo kihalali ni moja. Chipu, ikiwa imeinuka hivyo, inaiona kama volti 0.7 na kuisoma sifuri. Inaanza kusoma seli nyingine kabisa. Ndiyo maana mimi simsifu anayeongeza upana wa transista kila pato likichelewa. Anahamisha tatizo tu.

Dawa: ikate kila transista vipande vinne, na kati ya geti ya kipande kimoja na kinachofuata weka ukinzani mdogo, ili viwake kimoja baada ya kingine. Lakini wakati wa kuzima, vyote vizime kwa pamoja. Toa njia ya mkato kwa ajili hiyo, la sivyo ule umeme wa kutupa unarudi. Halafu ongeza mguu wa pili wa masi. Mkondo ukipanda kwa nanosekunde 2 kupitia miguu miwili, mruko unashuka hadi volti 0.33 hivi.

Nishati ya kuujaza mzigo wenyewe huikwepi kwa ujanja wa mageti: ni kapasita mara volti mara volti, kila pato linapopanda. Inapungua ukipunguza volti, na ndiyo njia iliyofuatwa na vizazi vya kumbukumbu za kompyuta: DDR3 volti 1.5, DDR4 1.2, DDR5 1.1. Kumbukumbu hizo pia hujipima dhidi ya ukinzani wa omu 240 uliowekwa kwenye bodi, ili draiva isibadilike nguvu joto likibadilika.

Mwisho, kwenye ngspice weka koili mbili za nanohenri 5 sambamba, moja kwa kila mguu wa masi, kati ya masi ya ndani na sifuri, endesha mapato yote 8 kwa pamoja, na chora mawimbi mawili: pato, na masi ya ndani. Mruko ukizidi volti 0.4, ongeza ukinzani kati ya vipande kwanza. Upana wa transista uguse baadaye, na tu kama nanosekunde 5 hazitoshi.