Kifua kinauma: aota inapochanika

Ndugu wauguzi na matabibu, mgonjwa akisema kifua kinauma, mwulizeni kwanza: "Yalianzaje?" Maumivu ya shambulio la moyo mara nyingi hupanda polepole, yakibana na kukaza. Aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikichanika, maumivu hufika kileleni papo hapo. Mgonjwa anakumbuka hata alichokuwa akifanya: alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Baadaye yanaweza kuhamia mgongoni katikati ya mabega, au kushuka tumboni. Msingoje aseme "kinachanika". Wengi husema yanachoma kama kisu.

Tabaka la ndani la aota likipasuka, damu hupenya tabaka la kati, hulibandua na kujichimbia njia ya uongo. Ikiminya mshipa wa mkono, mpigo wa mkono huo hufifia. Ikiminya wa shingoni, mgonjwa hupooza upande. Ikifika kwenye mdomo wa mshipa wa kulia unaolisha moyo, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, huonyesha shambulio la moyo kamili. Hapo ndipo tunapoweza kuua kwa mikono yetu, kwa kumpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Kwa hiyo kabla ya dawa hiyo, pimeni presha mikono yote miwili. Mkanda uwe uleule, mkono mmoja mara tu baada ya mwingine, kisha rudieni. Mwenye maumivu presha yake hupandashuka. Vipimo vilivyoachana dakika kumi vitawadanganya. Presha ya juu, yaani namba ya kwanza ya kipimo, ikipishana kati ya mikono kwa zaidi ya milimita 20 za zebaki, shukuni aota. Mikono ikilingana bado msitulie, kwani wagonjwa wengi wa aota mikono yao hulingana. Sikilizeni pia mvumo mpya wa valvu ya aota inayovuja.

Kuna na magonjwa mengine ya kutofautisha. Donge la damu mapafuni huja zaidi na kukosa pumzi. Uvimbe wa utando wa moyo hupata nafuu mgonjwa akiinama mbele. Picha ya eksirei ikiwa safi haiondoi shaka. Kinachothibitisha ni CT skani ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha.

Mkisubiri skani, mpeni morfini, na kama hayuko kwenye mshtuko (presha kushuka mno), dawa ya kundi la beta bloka, zinazopunguza kasi ya moyo: mapigo yashuke chini ya 60 kwa dakika, presha ya juu iwe 100 hadi 120. Dawa ya kutanua mishipa isitangulie, maana moyo utakimbia na mpasuko utazidi. Na presha hiyo ifuatilieni kwenye mkono uliosoma juu zaidi. Ule mwingine huenda umezibwa, nao utawaambia presha imeshuka kumbe bado.