HR wa Ubalozini Hatoi Viza, Jamani

Haya, hamjambo wapendwa. Wakubwa, shikamooni. Leo sipiki wala sizunguki madukani, nimekaa tu hapa mezani niongee, maana nimechoka. Kila video ninayoweka, hata ile ya mabanda ya kuku ya mama, nikishuka chini kwenye komenti nakuta: "Dada, wewe si ulikuwa HR ubalozini? Mbona hutusaidii viza?" Mwingine: "Taja mshahara, unaficha nini?" Na juzi mmoja kaandika kwa herufi kubwa kabisa, "ULIKULA NA WAZUNGU UKATUSAHAU." Sawa. Leo najibu: ndiyo, nilikuwa HR, yaani afisa rasilimali watu, kwenye balozi za Marekani. Nikisema zuri mtasema najishaua, nikisema baya mtasema nina nongwa na kazi iliyonilisha. Mimi nitasema yote mawili, kila mtu abebe la kwake.

Na wewe unayetaka kuandika "dada acha kutoa siri za serikali", subiri kwanza. Kazi nimeshaacha, na ninayosema yamo kwenye sheria zao na kwenye tovuti za serikali yao, yeyote anasoma. Vituo nilivyofanyia sivitaji, na watu siwataji.

Tuanze na viza tuimalize. Ubalozi wa Marekani, viza ziko kitengo cha konsula. Mimi nilikuwa upande wa utawala, huko waliko wahasibu, madereva, mafundi umeme, watu wa stoo na watu wa nyumba. Afisa wa viza nilimfahamu kwa sababu likizo yake ya uzazi ilipita kwenye meza yangu. Ningemwendea na jina la mtoto wa mjomba, pale pale ajira yangu ingekuwa imeota mbawa, na huenda na yake. Ipo sehemu moja tu ambapo HR anaigusa viza: sheria yao ya uhamiaji inaruhusu mwajiriwa wa nchi husika aliyeitumikia serikali yao kwa uaminifu miaka mingi kuomba viza maalumu ya kuhamia. Hapo HR anatoa faili na kuthibitisha huyu kaanza lini, kafanya nini, ana onyo au hana. Uamuzi si wake. Kwa hiyo mdogo wangu unayeniandikia "nisaidie hata ya matembezi", hapana.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani afisa rasilimali watu wa ubalozi anahudumia wazungu. Wale mabalozi na maafisa wanaokuja na makontena yao ni wachache. Waliojaa ndani ya ubalozi ni wenyeji wa nchi ile: walinzi, wakalimani, wahasibu, washauri wa siasa na uchumi ambao ndio wanaojua nani kagombana na nani bungeni. Kwa dunia nzima Wizara yao ya Mambo ya Nje imekuwa na waajiriwa wa namna hiyo kama 50,000, wengi kuliko wanadiplomasia wenyewe. Mzungu anakaa miaka miwili, mitatu, anafunga mizigo. Mwenyeji amekaa pale toka balozi wa enzi hizo, na ndiye anayejua ufunguo wa jenereta uko wapi. HR kazi yake kubwa ni hao.

Na hapo ndipo pesa inapoingia, na ndipo nilipokosana na watu.

Sheria yao ya utumishi wa nje ni ya mwaka 1980. Inasema mishahara ya wenyeji ipangwe kwa kufuata viwango na desturi za soko la ajira la mahali pale. Kwa hiyo hawaangalii Washington wanalipaje. Wanakusanya takwimu za waajiri wakubwa wa mji huo, wanalinganisha, wanapanga jedwali. Kwa hiyo chumba kimoja, meza mbili, kazi zinafanana kiasi cha kuchanganya, mmoja analipwa kwa jedwali la Marekani na mwingine kwa jedwali la mji. Mzungu akiwa HR, wenyeji wanamnung'unikia pembeni. Nikiwa HR mimi, mwenye rangi hii na Kiingereza chenye lafudhi ya Tanga, wananiambia usoni. "Dada, wewe mwenzetu. Wewe unajua sukari bei gani." Najua! Lakini jedwali halina sehemu ya kujaza kwamba HR anajua bei ya sukari. Ninachoweza ni kuandika kwamba takwimu za soko zimepitwa na mfumuko wa bei, naambatisha ushahidi, naomba mapitio, halafu nasubiri. Wakati mwingine inapita, wakati mwingine unajibiwa bajeti hairuhusu, na anayesimama mbele ya watu kulisema hilo ni nani? Ni mimi mwenzao.

Jambo jingine linalochoma ni upangaji wa vyeo. Daraja ni la kiti, si la aliyekikalia. Mtu ana shahada mbili, anafanya kazi vizuri mpaka unamwonea huruma, lakini maelezo ya kazi yake yanasema karani, basi ni karani. Ukitaka apande lazima majukumu yenyewe yawe yamebadilika na yaandikwe upya. Mliopo utumishi wa umma nyumbani mnanielewa, mliohangaika na OPRAS na sasa PEPMIS, ile mifumo ya kupima utendaji wa watumishi.

Na wenza, usiniulize. Mke wa afisa ni mhandisi, mume wa afisa ni mwanasheria, wamemfuata mwenzao kituoni, nafasi iliyopo ubalozini ni ya kupanga barua. Kufanya kazi nje ya ubalozi kunategemea kama nchi ile imekubaliana na Marekani kuhusu ajira za wenza. Nimepokea machozi ya watu wenye shahada za uzamivu ofisini kwangu. Tuendelee.

Kuna mtu aliandika kwamba hao wenyeji ni "vibaraka wanaotumwa chai". Hiyo sikuipenda. Tarehe 7 Agosti 1998 mimi ni mtu mzima tayari, wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa. Bomu la Dar es Salaam liliua watu 11, na hapakuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao. La Nairobi liliua 213, Wamarekani 12. Wengine ni wa kwetu: walinzi, makarani, watu waliokuwa wanapita njia. Nilipoanza kazi hii na kusoma fomu za mafao ya mfanyakazi akifia kazini, wenzangu waliona ni karatasi za kawaida. Mimi niliwaona watu wa Kinondoni. Kwa hiyo ukiandika neno kibaraka kwenye ukurasa wangu, nafuta na kukufungia. Hilo siombi radhi.

Haya, uraia. Najua ndiyo mnaingoja. Ndiyo, uraia wa Tanzania niliukana. Kuwa afisa wa utumishi wao wa nje lazima uwe raia wa Marekani. Kuzaliwa huko si lazima, ila uraia lazima. Tanzania kwa mtu mzima hairuhusu uraia wa nchi mbili. Wakenya wao walishafunguliwa na Katiba yao ya 2010, mnaona wanavyotamba. Mimi nilichagua, na kila nikitua Julius Nyerere nasimama foleni ya wageni na dola mkononi, mbele yangu Mzungu wa safari ya Serengeti. Ofisa wa pale ananiuliza kwa Kiingereza nimekuja kufanya nini. Nimekuja kumwona mama, baba!

Na ardhi je? Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia kumiliki, labda iwe ya uwekezaji. Mwaka 2024 serikali ilipopeleka bungeni muswada wa hadhi maalumu kwa sisi wenye asili ya Tanzania nilifurahi kweli. Lakini kiwanja changu kilikuwa kimeshageuka kuwa cha kaka kwa jina, na kaka kakijengea ukumbi wa sherehe. Hayo ni ya kifamilia, tuyaache. Benki moja huko nyumbani nayo ilinisumbua kuhusu akaunti baada ya kubadili pasi, nikapeleka karatasi ile ile tena na tena mpaka nikawaachia. Siitaji.

Fomu sasa. Ili upewe kibali cha kuona nyaraka za siri ya juu, unajaza fomu inayoitwa SF-86. Ina zaidi ya kurasa 100. Mwenzangu aliyezaliwa Ohio, baba mmoja, mama mmoja, dada mmoja, anaimaliza wikendi. Mimi baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na wake wawili. Fomu inataka ndugu wote, wa baba mmoja, wa mama mmoja, wa kambo, na wakwe: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali, uraia, anwani, na unawasiliana naye kila baada ya muda gani. Marehemu nao wanaandikwa. Tarehe ya kuzaliwa ya mke mdogo wa baba? Tunaambiwa alizaliwa mwaka wa nzige. Upi? Anwani? Enzi hizo ni kabla ya zoezi la anwani za makazi la 2022, Muheza nyumba inaelekezwa kwa mwembe na duka la Mpemba. Mchunguzi alikuja kuniuliza kwa upole kabisa, "Huyu kaka yako asiye na namba ya nyumba, anaishi wapi hasa?"

Halafu kuna swali linauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Umewahi, yaani maisha yako yote! Jamani. Ada za shule, mabati, hospitali, vikoba vya shangazi, kadi za michango ya harusi ambazo kwangu zilikuwa zinaletwa kiwango kimeshaandikwa. Nilikaa na risiti za kutuma pesa kama karani wa mahakama. Na wale wale niliowaandika humo ndio leo wanasema niliwasahau.

Mshahara: uko hadharani. Madaraja ni 9, la 1 ndilo la juu, jedwali liko mtandaoni, tafuta mwenyewe. Nyumba unapewa ukiwa kituoni, hilo ni kweli na ni kubwa, silikani. Vituo vigumu vina posho kuanzia asilimia 5 mpaka 35 ya mshahara. Lakini msichokijua ni kwamba kodi ya serikali yao unalipa. Mmarekani aliye Dubai kwenye kampuni binafsi anaweza kupata msamaha wa kodi kwa kipato cha nje. Mwajiriwa wa serikali hapati, na hiyo posho ya ugumu nayo inakatwa kodi. Ongeza nyumba uliyoiacha Virginia yenye mkopo, mpangaji halipi. Sikuwa maskini. Sikuwa pia huyo mtu mnayemchora.

Mnaotaka kazi ubalozini mkiwa hapo hapo nyumbani, hiyo inawezekana na haihitaji kubadili uraia. Nafasi zinatangazwa kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, unaomba kwenye mfumo wao, hulipi hata senti. Anayekuambia tuma elfu hamsini ya fomu ni tapeli, hata akiwa na picha ya bendera. Na kama ndoto yako ni kuitumikia Tanzania nje, kuna Chuo cha Diplomasia Kurasini, na ajira zinapita Sekretarieti ya Ajira. Balozi zetu nazo zinahitaji watu wa utumishi na wahasibu.

Wale mlioko huku Marekani, mna uraia wa huku, mnauliza kama muombe sasa hivi: siwezi kukushauri, hali ya kila mtu ni yake. Mimi niliingia wakati mwingine. Januari 2025 ajira za serikali kuu ya Marekani zilisimamishwa, tarehe 11 Julai wizara ikapunguza zaidi ya watu 1,300 kwa siku moja, na USAID, shirika lao la misaada, ilishafungwa mwanzoni mwa mwezi huo huo, na wenyeji wangapi huko nyumbani walipoteza kazi mnajua wenyewe. Kuna HR walioandaa barua za wenzao huku hawajui kama ya kwao imeshachapwa. Ajira ikifunguliwa, lazima uwe umeshaajiriwa kabla hujatimiza miaka 60, maana 65 wanakustaafisha. Hata ukifaulu usaili unawekwa kwenye orodha ya kusubiri, muda ukiisha hujaitwa, jina linatoka, unaanza upya. Kama una kazi nzuri ya utumishi kaunti yako na watoto wako shule, hesabu zako unazijua mwenyewe.

Ila ukiamua kujaza ile fomu, kabla ya yote piga simu nyumbani uliza tarehe za kuzaliwa za kila mtu. Na shangazi akikwambia "ya nini?", usimwambie ni ya serikali ya Marekani, maana kesho yake ukoo mzima utakuwa unaulizia viza.