Bunduki Iliyotoka Ghalani

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Mjadala wa kupunguza mauaji ya bunduki hutufikia hapa Mombasa kwa sauti ya Marekani, ambako Katiba, kwa marekebisho ya mwaka 1791, humpa raia haki ya kumiliki silaha, na ambako hata kuuawa kwa watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 hakukuifanya Seneti ikubaliane kuhusu kuwachunguza wanunuzi. Katiba yetu ya 2010 haina haki hiyo; kwetu bunduki ni ya leseni. Swali letu ni jingine: bunduki inayoua ilitoka mikononi mwa nani?

Watu wa rika langu wanaikumbuka Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakatoka na bunduki na risasi. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha maelfu, wengi wao watu wa bara waliokuwa wamelowea huku. Kweli, mapanga na mishale navyo viliua, na hadi leo magenge ya mitaani kwetu hutumia panga kuliko bastola. Lakini bunduki zile hazikupenyezwa mpakani wala kushushwa Kilindini usiku wa manane. Zilinunuliwa kwa kodi zetu, zikawekwa mahali ambapo mlango mmoja uliovunjwa ulitosha.

Ndiyo maana sishangilii sana moto. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong, na moto ule ulipendeza kwenye runinga, ila uliteketeza silaha ambazo tayari zilikuwa zimekamatwa au kusalimishwa. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilinunua na kuharibu takriban bunduki 650,000. Kinachosahaulika ni kwamba pia ilikubaliana kuandikisha kila iliyobaki.

Nasi tumeshaahidi jambo kama hilo: Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa nchi za kanda yetu kuhusu silaha ndogo, inataka silaha zitiwe alama na kumbukumbu zake zitunzwe, zikiwemo zile za dola. Basi askari anaporudisha bunduki alfajiri, ihesabiwe pamoja na risasi zake, na daftari likaguliwe na mtu asiye wa kituo hicho. Likoni ni mwendo wa feri tu kutoka hapa. Ningependa tuanzie huko.