Sebule Inang'aa, Pipa Je?

(Mazungumzo na wazazi wafanyakazi, Mtwara Mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, asanteni kwa kuja Jumamosi asubuhi, maana najua wengine mmeacha nguo zimelowekwa kwenye beseni. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi, na kweli nitaanzia palepale. Wiki hii mimi afisa afya wenu nimepita nyumba saba, na mambo ni yaleyale.

Nani alideki jana usiku? Inueni mikono. Haya, ni mingi. Saa ngapi? Mama wa kilemba cha njano anasema saa tano. Umetoka kazini jua linazama, ukapitia sokoni, ukabandika wali, ukakagua daftari la mtoto, na saa tano usiku umeinama na tambara. Sasa niambieni, pipa la maji mlilisugua lini? Siulizi mlilijaza lini. Nauliza kusugua, kwa brashi, ukuta wake wa ndani, toka juu mpaka chini.

Mnaona? Mikono yote imeshuka.

Hilo ndilo linaloniuma. Muda wetu sisi tunaofanya kazi ni mchache, na huo mchache tunaumalizia pale macho ya mgeni yanapotua. Pipa liko kona ya uani, hakuna mgeni anayelichungulia, basi linasubiri mwezi, linasubiri miwili.

Mwaka 2009 nilikuwa karani kwenye ghala la korosho. Mnaijua Oktoba mpaka Desemba ilivyo, malori yamepanga foleni, minada haiishi, hutoki mpaka giza limeingia. Nilikuwa na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu, na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili kule Magomeni. Sakafu yake nyekundu, naipiga nta mpaka unajiona uso. Basi akaja mama mkwe kutoka Newala. Siku mbili kabla sikulala. Nilifua mapazia, nikatoa makochi nje, nikafuta mpaka balbu.

Mama akafika, akasalimu, akavua kandambili mlangoni. Sebule hata hakuitazama. Akapita moja kwa moja uani, akafunua pipa, akachota maji kwa kata. Hakunywa. Akaja nayo mlangoni penye mwanga, akanyamaza nayo kidogo, kisha akaniita: "Mkamwana, njoo utazame." Nikainama. Vilikuwa vimetulia juu ya maji, vyembamba kama nyuzi fupi, vichwa chini mikia juu. Akagonga kata kwa ukucha. Vyote vikajinyonganyonga kwenda chini, vikatulia, halafu kimoja kimoja vikaanza kupanda tena. Akasema, "Nyumba yako inapendeza, mwanangu, lakini mnafuga."

Mnafuga! Neno hilo silisahau. Viluwiluwi vya mbu, nimevifuga mwenyewe, navinywesha maji safi ya bomba, kivuli cha bure, mfuniko wa kuvilinda na kuku. Na mwanangu anacheza hatua tano kutoka hapo.

Usiku ule mama akanisimulia alichokiona akiwa binti mdogo. Mwaka 1952 na 1953 uwanda wa Makonde ulipigwa na homa watu wasiyoijua. Mtu mzima, mkulima mwenye nguvu zake, anaamka viungo vimemkaza, anatembea amepinda kama anayetafuta sindano chini. Madaktari walipoichunguza ikaonekana ni ugonjwa mpya, na jina wakalichukua hukuhuku, neno la Kimakonde la kujikunja na kupindika: chikungunya. Leo linatamkwa India, Brazil na Ufaransa, na wanaolitamka hawajui kwamba ni neno letu. Ninyi mnajua.

Na kwa nini kule? Juu ya uwanda hakuna mito. Maji yalifuatwa bondeni, mtu anapandisha nayo mlima kichwani, ndoo moja ni jasho la asubuhi nzima. Maji ya namna hiyo huyamwagi, unayatunza ndani kwenye mtungi. Na yupo mbu mmoja, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huyu ziwa na bwawa havimvutii. Anapenda mtungi. Anapenda pipa, ndoo, kifuu cha nazi, tairi, kisahani chini ya ua. Huyo ndiye aliyeieneza homa ile, na huyo huyo ndiye anayebeba homa ya dengi. Na haendi mbali, anazaliwa uani kwako na anakuuma wewe na jirani yako.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wanapokosea hata wale wenye bidii. Mtu ananiambia, "Afisa, mimi maji namwaga kila baada ya siku chache." Unamwaga maji, hujamwaga mayai. Yule mbu hatagi katikati ya maji. Anataga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya pale maji yanapoishia, na yai linagandia. Pipa likikauka, yai linakaa miezi, kavu, linangoja. Siku unajaza maji, linaanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, kwa joto letu hili, ni wiki moja, au siku kumi. Basi hesabu imejipiga yenyewe: mara moja kwa wiki, usugue. Kama huna brashi, chukua kumbi la nazi, linakwangua kuliko brashi ya dukani. Sabuni kidogo, zungusha ukuta wote, kaza mkono pale kwenye alama ya maji, suuza, basi. Nimepima kwa saa ya simu, pipa la lita 200 ni dakika kumi. Kudeki sebule na korido ni dakika arobaini. Mwenye dakika kumi tu leo, aende uani.

Najua mtakayosema. "Maji yenyewe ya mgawo, nikisugua nitapata wapi mengine?" Hamsugui pipa limejaa, jamani! Sugueni likifika mwisho, kabla bomba halijatoka. Yale ya chini yaliyobaki ndiyo ya kumwagia chooni, ndiyo ya kudekia. Hakuna tone linalopotea. "Pipa langu lina mfuniko." Mfuniko umepinda, nafasi ya kidole inamtosha. Chukua chandarua kilichochanika, kikunje mara mbili, kifunge na mpira mdomoni mwa pipa, halafu ndipo uweke mfuniko. "Tunalala kwenye chandarua." Laleni, malaria haijaondoka. Lakini huyu ninayemsema anauma mchana, asubuhi na alasiri, mtoto ametoka shule anakaa barazani anaandika. Chandarua wakati huo kimefungwa fundo juu ya kitanda.

Na lile linalosemwa chini chini, "Nisipodeki jirani atasema." Aseme. Mimi nimeacha kudeki kila siku tangu 2009. Nafagia, nafuta palipomwagika, nadeki mara mbili kwa wiki. Mama mkwe hakuacha kuja. Alikuwa akifika anakwenda uani kwanza, anachota kata, anaitazama mwangani, anakunywa. Nilikuwa nasimama dirishani nasubiri anywe.

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi, na mpaka leo Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na fagio. Nakubaliana na jambo hilo kwa moyo wote. Tumesafisha mitaro, tumekusanya chupa. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo hiyo, kabla hujatoka na ufagio wa chelewa barabarani, uwe umeshapinda mgongo juu ya pipa lako. Na vifuu! Mvua za Desemba zikianza kila kifuu ni kisima. Visipelekwe popote, vigeuzwe kifudifudi tu, mtoto wa miaka sita anaweza.

Hapo nawageukia kina baba. Baba wa shati la bluu, usitazame chini, sikugombezi. Pipa ni zito. Kulilaza, kuligeuza, kulisimamisha, ni kazi ya mwenye mabega. Mama yuko kazini kama wewe, anarudi saa zile zile unazorudi. Chukua pipa liwe lako. Hakuna atakayekuita umelishwa kitu kwa sababu umesugua pipa, na akikuita, mwambie aje kwangu. Kijana wangu wa kiume amelichukua pipa tangu ana miaka kumi na mbili. Siku zake za mitihani nalisugua mimi, halafu anarudi analikagua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina mengine, nitayapitisha haraka.

Nguo za salfa. Mnaotoka mashambani msimu wa kupulizia mikorosho, zisilale chumbani na zisifuliwe beseni moja na za mtoto. Na chombo kilichowahi kubeba dawa ya shambani hakigeuki kuwa dumu la maji, hata ukikichemsha, hata ukikisuuza mara mia. Kitoboeni kisitumike tena.

Jiki na ile dawa kali ya choo, ile ya tindikali, msizichanganye kamwe. Inatoka hewa inayokaba kifua, na choo chenyewe ni kidogo, mlango umefungwa. Tumieni moja, mwagieni maji mengi, nyingine iwe siku nyingine.

Jikoni, osheni vyombo kabla ya kulala hata kama sakafu ina mchanga. Mende anatoka usiku kufuata makombo na maji, mkimlaza njaa anahama. Maboksi ya zamani chini ya meza, tupeni, ndiyo nyumba yake.

Habari ya dada wa kazi nilitaka niiseme kwa kirefu, muda hautoshi. Niseme tu, muonyesheni yale mayai kwa macho yake. Mtu hasugui asichokiona.

Ndiyo maana nimekuja na ndoo hii. Nimeiazima uani kwa jirani yangu asubuhi, kwa ruhusa yake, nikamwaga maji nikaiacha hivyo hivyo. Kwa mbali ni ndoo safi. Njooni watatu watatu, wazee kwanza. Washeni tochi za simu, mulikeni ndani. Mnaiona ile alama ya maji? Juu yake kidogo, vile vidoa vyeusi vilivyojipanga kama masizi, ndiyo mayai. Pitisha kidole, mama. Havitoki, siyo? Kaza. Kumbi la nazi liko hapo mezani.