Gego Lenye Zebaki: Litolewe au Liachwe?

REHEMA: Karibuni tena. Leo naanza na langu mwenyewe. Nina gego limezibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha tangu nikiwa sekondari. Juzi jirani kanitisha, kasema natembea na sumu mdomoni. Daktari, nikalitoe?

HAMISI: Linauma? Lina ufa?

REHEMA: Wala. Natafunia mahindi ya kuchoma bila shida.

HAMISI: Basi liache. Ila jirani yako naye ana ukweli kidogo. Ile inaitwa amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba.

REHEMA: Nusu nzima! Na hiyo zebaki si ndiyo ile ya wachimbaji wa dhahabu kule Geita?

HAMISI: Ndiyo hiyohiyo, na hata kanuni ni moja: zebaki hushikana na madini mengine. Ila mchimbaji anaichoma aibakize dhahabu, moshi wote anauvuta yeye na wanaye. Kwenye jino tunafanya kinyume, tunaichanganya na unga ili igande. Kuna kapsuli ndogo, inatikiswa kwenye mashine sekunde chache, inatoka laini. Hapo daktari anakimbizana na muda: anashindilia, anachonga, dakika chache tu imeanza kukaza. Ndiyo maana tunakwambia usitafunie upande ule mpaka kesho yake.

REHEMA: Ikishakaza, zebaki haitoki tena?

HAMISI: Inatoka, mvuke kidogo sana, zaidi ukitafuna au ukiwa na tabia ya kusaga meno usingizini. Lakini kwa watu wengi, tafiti hazijaonyesha kwamba kiasi hicho kinawadhuru. Mwenye mzio wa zebaki au figo mbovu, huyo tunamtafutia kitu kingine. Sasa sikia: mvuke mwingi hutoka siku ya kuiweka na siku ya kuitoboa. Ukienda kuitoa kwa sababu ya hofu tu, unajiongezea kile unachokikimbia, na keekee inaondoka na kipande cha jino ambacho hakijaoza.

REHEMA: Kwa nini sehemu isiyooza nayo iliwe?

HAMISI: Amalgamu hainati kwenye jino, inashikiliwa na umbo la shimo. Lazima nilichimbe kama mtungi, tumbo pana, shingo nyembamba, isichomoke. Kwa hiyo hata siku ya kwanza tulikuwa tunakata sehemu ambayo haijaoza. Hilo, mimi kama daktari, linanikera kuliko zebaki yenyewe.

REHEMA: Sasa mliipendea nini miaka yote hiyo?

HAMISI: Bei. Na uvumilivu wake, dada. Gego la nyuma limejaa mate, mgonjwa hawezi kupanua mdomo, umeme unakatika. Kompoziti, ile ya rangi ya jino, inataka pakavu kabisa na taa ya kuigandishia. Amalgamu haijali sana unyevu, na mara nyingi inapita miaka 10.

REHEMA: Lakini nasikia inapigwa marufuku.

HAMISI: Inaondolewa. Upo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki wakaharibika mishipa ya fahamu. Tanzania imo kwenye mkataba huo. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana amalgamu isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone hakuna budi. Umoja wa Ulaya waliifunga Januari 2025, na Novemba mwaka huohuo, Geneva, ikakubaliwa dunia nzima iache kuitumia ifikapo 2034.

REHEMA: Kumbe shida kubwa si mdomo wangu.

HAMISI: Shida ni mabaki. Vipande vinavyosukutuliwa kwenye sinki la kliniki vinaishia kwenye maji taka, vingine vinachomwa na taka za hospitali. Zebaki ikifika ziwani inarudi kwa mlango wa samaki.

REHEMA: Na yule wa zahanati ya kijijini, asiye na taa wala kompoziti? Si ndiyo atang'olewa tu?

HAMISI: Hapo ndipo ninapopenda kujisifu. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ndipo ulipoanza mtindo wa kutibu bila mashine. Unakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, unaziba kwa saruji ya glasi, inayonata yenyewe kwenye jino na kutoa floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Leo unafundishwa nchi nyingi.

REHEMA: Ina nguvu ya kustahimili mahindi yangu?

HAMISI: Shimo dogo la juu ya gego, vizuri tu. Shimo kubwa linaloshika pande mbili za jino, hapo huvunjika mapema kuliko amalgamu, sitakuficha. Ndiyo maana nawaambia watu waje shimo likiwa dogo. Wengi wanakuja jino limewanyima usingizi wiki nzima, na hapo hatuzungumzii tena kuziba.

REHEMA: Na mjamzito akipata maumivu, asubiri ajifungue?

HAMISI: Asisubiri hata kidogo. Aje, aseme ana mimba ya miezi mingapi. Usaha hausubiri kliniki ya uzazi. Tutamtibu, tutaziba kwa kitu kingine, na kama ana amalgamu ya zamani iliyo nzima, hiyo hatuigusi.