Jinsi ya kumpima mtoto kiuno, urefu na presha

Karibuni. Mezani nina tepu ya fundi cherehani, mizani, uzi usiovutika, kitabu kigumu, penseli na mashine ya presha. Mtoto tuliye naye ana miaka 9.

Tunaanza na urefu, maana vipimo vingine vyote vinautegemea. Vua viatu, fungua fundo la nywele kama lipo. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Watoto wanapenda kuonekana warefu, kwa hiyo chungulia visigino visije vikanyanyuka. Laza kitabu juu ya kichwa, ukibane ukutani, piga alama chini yake, kisha pima kutoka sakafuni. Tumepata sentimita 130.

Uzito ni kazi ya dakika moja: nguo nyepesi, mizani kwenye sakafu ngumu, isiwe juu ya zulia. Andika kilo. Kliniki wataugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, wapate BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, na kuilinganisha na chati ya umri na jinsia. Zile namba za BMI za watu wazima, 25 (uzito uliozidi) na 30 (unene uliokithiri), usimpimie mtoto.

Sasa kiuno, na hapa twende taratibu. Usipime pale suruali inapokaa. Inua shati, papasa ubavu wa mwisho hapa pembeni, halafu shuka mpaka ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Tepu inapita katikati ya hapo pawili. Izungushe, kisha nenda nyuma uone kama imelala sawa; mara nyingi inapanda mgongoni bila wewe kujua. Iguse ngozi bila kubana. Apumue kawaida, usome namba akishatoa pumzi. Huyu anatekenyeka, anacheka… tunamsubiri. Haya: 68.

Gawanya 68 kwa 130, unapata 0.52. Kuanzia miaka 5, mpaka unaotumika sana ni 0.5, yaani kiuno kisifike nusu ya urefu. Hesabu ikikusumbua, chukua uzi. Kata sawasawa na urefu wa mtoto, ukunje katikati, uzungushe kiunoni. Ona: ncha hazikutani, pamebaki upana wa vidole viwili. Mafuta yanayojaa tumboni kuzunguka viungo vya ndani yanaendana na figo kubakiza chumvi na mishipa kukaza, na hapo presha hupanda.

Lakini uzi haupimi presha. Wapo watoto wembamba kabisa wenye presha ya juu, hasa wenye matatizo ya figo. Kwa hiyo mkanda wa mashine lazima ufungwe.

Aende haja ndogo kwanza, kisha akae kimya dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, nyayo zimetulia sakafuni. Miguu ikining'inia weka kibao chini. Mkono wa kulia uwe mezani, usawa wa moyo.

Kinachoharibu vipimo vingi ni saizi ya mkanda. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Wetu ni sentimita 22. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya hapo, kama sentimita 9, na urefu wake uzunguke asilimia 80 hadi 100 ya mkono. Mkanda mdogo hupandisha namba, mkubwa huishusha. Mkanda wa baba, basi, uacheni kwa baba.

Mtoto asiongee. Pima mara mbili au tatu, ukipumzika dakika moja kati. Wastani wetu ni 102 kwa 64. Kuanzia miaka 13, 130 kwa 80 na kuendelea ni presha ya juu. Chini ya umri huo daktari hutumia jedwali la umri, jinsia na urefu, na huyu kwenye jedwali yuko salama. Kiuno chake kimepita mpaka, presha bado. Namba zote tunazipeleka kliniki.

Ikipanda siku moja, usitangaze ugonjwa; daktari hupima siku tatu tofauti. Ila namba kubwa ikiambatana na kichwa kuuma sana, kutapika, macho kufifia au degedege, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Na neno "kitambi" lisitajwe mbele yake. Mwezi ujao hatakubali kuinua shati.